Ugomvi wa Mto Guadalupe

Kwenye msiba wa Mzee Amba kule Houston watu walicheka kuliko walivyolia, na ukimwondoa marehemu, waliyekuwa wanamcheka ni mimi. Tulikuwa tumeshazika, tumerudi ukumbini, sahani za pilau zinapita, na yule kijana aliyeshika maikrofoni akaona huu ndio wakati wa kuchangamsha watu. Akasema, "Ndugu zangu, mzee wetu huyu alikuwa na msimamo. Ndiye mtu pekee ninayemjua aliyevunja ndoa kwa sababu ya samaki!" Ukumbi ukaangua kicheko. Hata mjane alitabasamu ndani ya khanga yake. "Na bibi harusi mwenyewe yule pale, meza ya Dallas!" Vichwa vikageuka. Nikatabasamu lile tabasamu langu la siku zote, maana nimekuwa nikilitoa kwenye harusi za watu, ubatizo na sikukuu za Uhuru tangu nikiwa msichana, na sasa nina mvi. Pembeni yangu baba mdogo Elifuraha, ambaye siku hizi hatembei bila mkongojo, alikuwa anaangalia viatu vyake. Binti yangu, aliyetuendesha asubuhi ile kutoka DeSoto, pembeni ya Dallas, akaniinamia sikioni. "Mom, is it true? Over a fish?" Nikamwambia ale.

Mwaka wenyewe wa ugomvi naukumbuka kwa maboksi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimemaliza uuguzi, nakaa Vickery Meadow kwenye apatimenti ya chumba kimoja ambayo dirisha lake lilitazama ngazi za nje, na nilikuwa nimeposwa. Ipyana alikuwa mhasibu Houston. Posa ilikuwa imeletwa na kupokelewa, kamati ya harusi imeshaundwa na mwenyekiti wake ameshaanza kuwapigia watu simu kama mtu anayegombea ubunge. Kilichobaki ni wazee kukaa wamalize habari ya mahari. Mimi nilikuwa mtu wa haraka. Nilikataa kazi nzuri ya hospitali Fort Worth kwa kuwa nilijua nitahamia Houston, nikabaki na shifti za kuokoteza kwenye nyumba ya wazee, nikafunga vyombo vyangu kwenye maboksi, nikayapanga ukutani, juu yake nikatandika kitenge nikaweka redio. Mapazia sikutundika. Ya nini, nilisema, kwa miezi miwili?

Wazee waliotakiwa kukaa walikuwa wawili, na wote walikuwa wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Baba mdogo alikuwa fundi wa maabara hospitalini. Mzee Amba, baba mkubwa wa Ipyana, alikuwa fundi wa kuchomelea mabomba. Mmoja alikulia Machame, mwingine Rungwe, na kote huko milimani Wazungu walikuwa wamepanda samaki wanaoitwa trauti kwenye mito ya baridi, kisha wakaweka walinzi wa kuwafukuza watoto wasisogelee ukingo. Basi hawa watoto wawili waliofukuzwa, walipofika Texas wakakuta kwamba mtu yeyote akilipia kibali chake anavua, waliingiwa na wazimu. Hawakuvua kwa minyoo kama watu wenye akili. Walivua kwa ndoano zilizofungwa manyoya ya kuku na uzi mpaka zifanane na mdudu, wakarusha mshipi huku na huku hewani, na samaki akishapatikana wakamtoa ndoano taratibu na kumrudisha majini. Mama mdogo hakuwahi kuwasamehe jambo hilo. "Mwanaume anaendesha gari saa tatu nzima," alisema, "kwenda kumsalimia samaki."

Kabla ya mwaka ule walikuwa marafiki wa simu. Jumapili jioni, baada ya ibada, baba mdogo alikaa kwenye kiti chake cha ngozi, simu kwenye spika, sahani ya ndizi nyama mapajani, wakashindana mto gani ni mto. Wa baba mdogo ulikuwa Mountain Fork, kule Oklahoma, unaopita kwenye misonobari. Unaingia kwa miguu yako, maji yanakufika kiunoni, kimya, unasikia ndege tu. Wa Mzee Amba ulikuwa Guadalupe, chini ya bwawa, maji yanatoka vilindini yakiwa baridi hata Julai, na raha yake ni kuelea: unapanda boti ya mpira, mmoja anashika makasia, unateremka na mto siku nzima chini ya miti mikubwa ambayo mizizi yake imechomoza kama magoti. "Wewe unasimama ndani ya mto kama ng'ombe aliyekwama," Mzee Amba alisema. "Mto unatakiwa ukubebe!" Na baba mdogo: "Huo wako kiangazi umejaa walevi wamekalia matairi. Unavua trauti au unavua makopo ya bia?" Walicheka mpaka mmoja akohoe. Nilipenda sana kuwasikiliza. Niliona bahati yangu ilivyo, kuolewa kwenye ukoo ambao wazee wake tayari wanataniana na wa kwetu.

Siku ya mahari ilikuwa Jumamosi ya Februari, nyumbani kwa baba mdogo DeSoto. Mimi kwa desturi nilitakiwa nisionekane, kwa hiyo nilikuwa jikoni na mama mdogo, nimefunga khanga kiunoni, nakatakata kachumbari na kunusa kuku akichomwa. Mzee Amba alikuja peke yake, na hilo lilitushangaza, maana mtu haji kwenye mazungumzo kama yale bila wenzake. Kabla hata ya kukaa alimwomba baba mdogo amwonyeshe fimbo yake mpya ya kuvulia. Wakaingia gereji. Mlango wa gereji ulikuwa pale pale jikoni, karibu na friji, na mimi, nakiri, nilikuwa naegemea friji. Sikusikia kitu. Huo ukimya ndio ninaoukumbuka kuliko kelele zilizofuata: watu wawili ambao hawajawahi kunyamaza pamoja, wamenyamaza. Mama mdogo akaniambia nipeleke sahani mezani. Niliporudi walikuwa wanafoka. "Guadalupe huo ni bomba la maji machafu!" hiyo ilikuwa sauti ya baba mdogo. "Utaomba radhi! Utaomba radhi kwa kauli hiyo, Elifuraha, la sivyo mimi nyumba hii sikanyagi!" Mlango ukafunguliwa kwa nguvu. Mzee Amba akatupita bila kutusalimia, uso umemvimba, akaingia kwenye lori lake, na kuku wetu akabaki mezani na miguu yake juu.

Kwanza watu walicheka. Baadaye wakachoka kucheka. Mzee Amba alisema harudi DeSoto mpaka ikubaliwe kwamba Guadalupe ni mto bora, na baba mdogo akasema heri aone jua likichomoza magharibi kule Fort Worth na kuzama Dallas kuliko aseme maneno hayo. Machi ikapita, Aprili ikapita. Kamati ya harusi ikajigeuza kamati ya suluhu, kwa kuwa sisi Watanzania tukishaunda kamati hatuivunji hivi hivi. Wakatumwa wajumbe Houston, wakarudi wameshiba na hawana jibu. Mchungaji akahubiri habari ya yule jemadari mwenye ukoma aliyeambiwa akaoge kwenye mto fulani, naye akaanza kusifia mito ya kwao, na kanisa zima likamgeukia baba mdogo. Akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Mtu mmoja alipendekeza kwa dhati kabisa kwamba waende wote wawili White River, Arkansas, ambao si wa mtu, wakapatanie huko. Nilimchukia baba mdogo mwaka ule. Naliandika hivi hivi lilivyo. Nilikwenda kwake Jumapili, nikala chakula chake, na nilipomwona akikaa chini ya taa yake anazungushia uzi kwenye manyoya ya kuku kwa utulivu ule, nilitamani nichukue ule mkasi wake mdogo nimkatie kila kitu.

Chumbani kwangu joto la Juni liliingia bila mapazia ya kulizuia. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu aliyekuwa anasuka nywele kwenye ngazi za nje, alizoea kuchungulia ndani akiwa na kichwa cha mtu mikononi. "Weye Aika, ule bwana yako atakuyaka siku gani? Makarto inazeekeya mu nyumba," akasema akiyaelekezea maboksi kidevu. Nikamwambia wazee bado hawajaelewana. "Juu ya nini?" Juu ya mito, nikasema. Akaacha kusuka. "Bale wazee hawana kazi? Sisi mito ilitutenganishaka na vita, hapana na samaki." Nilicheka ili nisilie. Ipyana alikuwa anapiga simu kila siku, halafu mara moja moja, halafu nikawa napiga mimi. Sauti yake ilikuwa na huruma nyingi. "Wazee wetu hawa, Aika," alisema. "Wametukwamisha. Mimi nifanyeje? Siwezi kum-overrule baba mkubwa." Nikamwambia twende tufunge ndoa mahakamani, tutawaambia baadaye. Kisha akasema tusiwavunjie heshima. Nilimwona mwanaume wa maana sana kwa maneno hayo. Nilimsifia kwa wenzangu kazini.

Novemba baba mdogo alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akakatazwa kuendesha. Desemba mama mdogo akanipigia simu. "Baba yako mdogo anang'ang'ania kwenda Oklahoma kwenye mto wake, na jicho lenyewe halijapona. Mpeleke, tafadhali, la sivyo atatoroka." Sikutaka, ila mama mdogo sikuweza kumkatalia. Tuliondoka DeSoto bado kuna umande. Nikawasha taa ya kukata kushoto, nielekee kaskazini, na baba mdogo akasema bila kunitazama, "Kata kulia, mama. Tunakwenda kusini." Nikadhani ni jicho. Nikamwambia Oklahoma iko kule. "Najua iliko Oklahoma." Basi tukashika barabara kuu ya thelathini na tano, tukapita Waco, tukapita Austin, yeye ananimenyea mayai ya kuchemsha na kunipa moja moja. Tulipoacha barabara kuu na kuanza kuteremka kwenye vilima, nikaona mto wa kijani chini ya miti mikubwa, na kwenye maegesho ya kokoto lile lori ninalolijua, boti ya mpira imeshashushwa, na Mzee Amba amesimama ndani ya suruali ya mpira inayomfika kifuani. Wakakumbatiana. Walikumbatiana kama watu wanaoonana kila mwezi, na ndivyo ilivyokuwa. Kisha Mzee Amba akaniona nikishuka upande wa dereva, na mikono ikamwanguka.

"Umemleta yeye?" akauliza.

"Jicho," baba mdogo akajibu.

Niliwauliza pale pale, mlango wa gari bado uko wazi: kama mnaelewana, kwa nini mimi sijaolewa? Nilipiga kelele. Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga viatu akaamua kwenda kuvifungia mbali. Mzee Amba alisema, "Panda boti, mwanangu. Haya si ya kusemea kwenye maegesho." Nikapanda, kwa hasira tu, kwa kuwa sikuona pengine pa kwenda. Baba mdogo alikaa mbele na fimbo yake, Mzee Amba katikati na makasia, mimi nyuma. Kwa hiyo walinieleza wakiwa wamenipa visogo, wote wawili, na mpaka leo nadhani kama tungekaa uso kwa uso wasingeweza. Maji yalikuwa maangavu kiasi cha kuona kokoto, na baridi yake ilipenya chini ya boti mpaka kwenye nyayo. Baba mdogo alirusha mshipi, akarusha tena. Mzee Amba akapiga kasia mara kadhaa. Kisha akasema.

"Ipyana hakuoi. Ana mwanamke Houston, na yule binti alikuwa na mimba. Aliniambia siku mbili kabla sijaja DeSoto. Nilikuja siku ile kumwambia Elifuraha, ndiyo maana nilikuja peke yangu. Ningekujaje na wajumbe na habari kama hiyo?"

Baba mdogo akaendelea bila kugeuka. "Tulisimama pale gereji hatujui tufanye nini. Posa imepokelewa, kamati ipo, watu wote wanajua. Nikaona watakavyosema. Kaachwa. Ana kasoro gani? Unawajua watu wetu, Aika. Mwanaume akiacha, wanamkagua mwanamke. Amba akasema, afadhali watucheke sisi."

"Ilikuwa akili ya baba yako hiyo," Mzee Amba akasema. "Mimi nililia tu."

"Wewe ndiye uliyeanza kupiga kelele."

"Wewe ndiye uliyeita mto wangu bomba la maji machafu. Hilo halikuwa lazima."

Nikawauliza kwa nini hawakuniambia mimi. Wengine sawa, wadanganyeni, lakini mimi? Boti ilikuwa inapita kwenye maji ya kasi kidogo na Mzee Amba alisubiri mpaka tukatulia. "Nilimpa nafasi aseme mwenyewe," akasema. "Nilimwambia, uliyemposa ni binti wa watu, nenda kama mwanaume ukamwambie. Kila mwezi aliniahidi. Kila mwezi nimekuja hapa kumwambia baba yako, bado." Bega lake lilianza kutetemeka na kasia moja likaacha kufuata jingine, boti ikaenda upande, tukagonga mzizi. Hapo ndipo samaki akala. Fimbo ya baba mdogo ilipinda mpaka majini. Na hawa wazee wawili, nawaapia, mmoja analia na mwingine na jicho bovu, walimvuta yule samaki kama kawaida yao, taratibu, bila kelele, wakamshika ndani ya maji, madoa yake yanang'aa na mstari wa waridi ubavuni, wakamtoa ndoano. Baba mdogo alimshikilia kwa muda akielekea mkondo mpaka samaki akapata nguvu. Akamwachia. Nililia kwa sauti sasa, nikawatukana, neno nililowaita siwezi kuliandika. Mzee Amba alipiga makasia mpaka tulipofika mahali pa kutokea, na ilikuwa mbali.

Jioni ile Ipyana alipokea simu yangu. Nilimwuliza kuna habari gani. Nilitaka kumsikia. Akashusha pumzi, akasema, "Si ni hawa wazee wetu, Aika." Nikasema ndiyo, wazee wetu. Nikakata. Kesho yake nilifungua maboksi. Sahani zangu nilizozifunga kwa magazeti zilikuwa na wino wa habari za mwaka mzima uliopita. Nikatundika mapazia, na Mama Furaha alipoyaona kutoka kwenye ngazi alisimama, akaingia bila kubisha hodi, akakaa juu ya boksi tupu na hakuniuliza swali hata moja. Baadaye nikaenda Fort Worth kuomba ile kazi, ilikuwa imeshachukuliwa, nikapewa nyingine ndogo, nikaanza hapo.

Nimekuwa nikigeuza jambo hili kichwani maisha yangu yote. Siku nyingine naona hakuna aliyewahi kunipenda kama wale wazee wawili, waliokubali kuwa vichekesho mpaka kufa ili jina langu lisiguswe. Siku nyingine nina hasira ileile ya kwenye boti, bado mbichi. Walinihifadhia jina, wakala mwaka wangu. Walidhani mwanamke wa miaka ishirini na mitano hawezi kubeba ukweli wake mwenyewe, na huenda walikuwa sahihi, na hilo linaniudhi zaidi. Sikuwahi kuwaambia asante. Mzee Amba kila aliponiona alinisalimia kwa kicho, kama mtu anayesubiri hukumu, na mimi nilimwamkia shikamoo, nikapita.

Sasa kwenye msiba wake nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya chakula, nina sahani ya baba mdogo mkononi, nikamsikia mtu nyuma yangu akisema, "Aika, pole na safari." Ilikuwa sauti ile ile. Ipyana amenenepa, amevaa suti nzuri, mke wake yuko hatua chache anawagawia wajukuu soda. Akatikisa kichwa kwa huruma kuelekea picha ya marehemu. "Wazee wetu wale," akasema. "Walitukwamisha." Nilimtazama machoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa ameusema uongo ule mara nyingi mpaka ameuamini. Nilikuwa nafungua mdomo ndipo yule kijana wa maikrofoni akaita: "Na sasa tumsikie mtani wa marehemu, mzee wetu Elifuraha wa Mountain Fork!" Makofi, vicheko. Baba mdogo akaletewa maikrofoni alipokaa. Akaishika. Midomo ilicheza na hakuna kilichotoka, na ukumbi, ukidhani ni sehemu ya mzaha, ukaendelea kucheka.

Niliweka sahani, nikaenda, nikamtoa maikrofoni mikononi taratibu. Nikasema, "Nazungumza kwa niaba ya nyumba yetu. Tumekubali. Guadalupe ni mto bora." Wakapiga meza, wakapiga vigelegele. Nikasubiri wamalize. "Na hata tungelikubali siku ileile pale DeSoto, kuku akiwa bado wa moto, bado mimi nisingeolewa. Mzee Amba hakuvunja kitu. Alibeba. Asante, baba." Hakuna aliyecheka. Mjane aliinua uso akanitazama, na nikaona kwamba yeye alikuwa anajua siku zote. Ipyana alikuwa bado yuko kwenye foleni, kijiko cha pilau kimesimama hewani, na mke wake amegeuka anamtazama.

Nilikaa. Baba mdogo alinishika mkono, mkono wake una baridi, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola. Akaniinamia. "Lakini samaki wa Oklahoma ni wakubwa zaidi," akaninong'oneza. Nikamwambia najua, alie tu.